Tofali nyepesi za majivu ya boila: povu linakufa, nakosea wapi wakuu?

MfyatuaJivu: Wakuu habari za humu. Kuna kiwanda kinatupa majivu ya boila lao la makaa ya mawe, mi nayazoa bure. Nachanganya na simenti na mchanga kidogo, naweka lile povu la zege ili tofali ziwe nyepesi, sasa nikimimina kalibu inajaa hadi juu, narudi baada ya nusu saa naikuta imeshuka vidole viwili na juu kuna utando mweusi kama masizi, zikikauka ni nzito na kona zinamung'unyika ukizigusa tu. Nimeongeza povu mara mbili, wapi. Simenti feki au?

Chepe77: Simenti usiisingizie mkuu, mchawi ni huo weusi. Ni kaboni, makaa ambayo hayakuungua yakaisha, yananyonya dawa ya povu kama sponji. Choma gramu 100 za majivu makavu kwenye chuma juu ya moto mkali mpaka weusi uishe, yapoe, pima tena. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 kinataka upungufu usizidi asilimia 6.

MamaKalibu: Halafu unazianika juani eh? Ndo maana kona zinamung'unyika. Majivu yanashika polepole, funika na magunia mabichi walau siku 7, na usizibebeshe kitu kabla ya 28. Na pima uji kabla ya kumimina, ndoo ya lita 10 ikiwa na kilo 10 uko vizuri, zege la kawaida lingekuwa kama kilo 24.

MfyatuaJivu: Juani kweli 😅 Na unga wa alumini je? Nasikia unaumua kama hamira.

Chepe77: Unaumua, ila kinachotoka ni haidrojeni, inashika moto, usithubutu ndani ya chumba. Na viwandani wanazipika kwa mvuke wa presha, nyuzi 180 na kitu, we utapikia wapi?

Kimya_kimya: Wanachoma makaa tu au na taka za rangi? Ile sumu ya madini ya risasi (lead) ikiingia kwenye tofali umeijengea watu ukutani.

MfyatuaJivu: Nimerudi. Nimeyachoma majivu, gramu mia zimebaki 83 😭

MamaKalibu: Kwa povu sahau. Wape wanaochoma tofali za udongo, hiyo kaboni inaungulia ndani ya tanuru inaacha vitundu, tofali inakuwa nyepesi na kuni zinapungua.

MfyatuaJivu: Aisee. Mlinzi anasema ni makaa matupu, ila kesho naenda kuomba karatasi ya maabara kabla sijampa mtu hata gunia moja.