Rioja Gran Reserva ya mwaka 2010: ninywe sasa au niendelee kuihifadhi?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Nimezawadiwa chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Rioja, eneo la mvinyo huko Hispania, daraja la Gran Reserva, za mavuno ya mwaka 2010, ambao baraza la udhibiti la Rioja liliupa alama ya juu kabisa. Sina chumba cha chini ya ardhi, bali kabati lenye giza na friji ya kawaida. Je, nizifungue sasa, au zitazidi kuwa nzuri zikikaa miaka kumi mingine?

Jibu la kwanza

Ndugu, sehemu kubwa ya kungoja umeshafanyiwa. Kwa kanuni za Rioja, mvinyo mwekundu hauitwi Gran Reserva mpaka ukomae kwa miezi 60, na isiyopungua 24 kati ya hiyo huwa ndani ya pipa la mwaloni, ilhali Reserva hudaiwa miezi 36 tu. Kwa hiyo chupa zako ziko tayari, na swali linalobaki ni la ladha unayoipenda. Kadiri miaka inavyokwenda, tanini (ule ukakasi unaokausha mdomo) hulainika, na tunda bichi la cheri huipisha harufu ya ngozi, tumbaku na matunda makavu. Mwaloni wa Marekani, uliozoeleka sana Rioja, huongeza vanila na nazi. Wapo wasioipenda hali hiyo ya uzee, nao hawana kosa. Fungua moja sasa, kisha uamue juu ya ya pili.

Jibu la pili

Naafiki, ila kabati lichunguzwe kwanza. Nyuzijoto 12 hadi 14 za Selsiasi ndizo zinazofaa, lakini kinachoharibu zaidi ni joto linalopanda na kushuka, kwa kuwa mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo, na ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Friji ya kawaida haifai kwa miaka mingi, maana ni baridi mno, na ukavu wake hukausha kizibo. Laza chupa ubavu. Ikiwa kabati hupita nyuzi 25 mara kwa mara, mimi nisingengoja.

Tahadhari moja: hesabu hii usiihamishie Ribera del Duero, eneo jingine la mvinyo la Hispania, bila kufikiri. Tempranillo ya huko, zabibu ileile kuu ya Rioja, mara nyingi huwa nzito na yenye tanini kali zaidi, na kiwanda cha Vega Sicilia cha huko huuachia sokoni mvinyo wao wa Único takriban miaka kumi baada ya mavuno.

Muulizaji

Nashukuru. Kabati halipati joto sana. Je, siku ya kuifungua hiyo ya kwanza niiandaeje?

Jibu la tatu

Isimamishe wima siku moja kabla ili mashapo yatuame. Imimine polepole kwenye jagi la kioo, huku taa ikimulika shingo ya chupa, na mashapo yanapoanza kukaribia mdomo, acha kumimina. Iandae kwa nyuzi 16 hadi 18, tena muda mfupi tu kabla ya kunywa, kwani mvinyo uliozeeka hupoteza harufu yake upesi ukikaa wazi.