Salah kuondoka kambini AFCON 2023 (iliyochezwa mwanzoni mwa 2024): mdogo wangu ananibishia

Mleta mada: Wakuu, habari. Mdogo wangu ana miaka 19, ni winga, na nyama za paja zimemshika. Kocha anamtaka Jumamosi. Nikimwambia apumzike, ananijibu kwamba Mohamed Salah, kapteni wa Misri, alipoumia akaondoka kambi ya timu kule Ivory Coast kwenda kutibiwa klabuni kwake Liverpool, aliitwa msaliti. Lile nyie mlilionaje?

Winga wa Zamani: Mzuie. Mimi nilicheza daraja la pili. Paja lilikaza, mapumziko wakanipiga sindano ya ganzi, nikarudi uwanjani. Sikuhisi maumivu, kumbe nyama inaendelea kuchanika. Dakika kama kumi hivi nikahisi nimepigwa jiwe kwa nyuma. Nikageuka kumtafuta aliyenirushia, hakuna mtu. Miezi saba nje, na kasi yangu haikurudi tena. Timu ilinipa nauli ya kwenda nyumbani.

Salah aliumia na Ghana, 18 Januari, Abidjan. Shirikisho likasema atakosa mechi mbili, wakala wake akasema siku 21 hadi 28. Ugomvi wote umo humo.

Mkongo wa Kigoma: Jeraha sikatai. Ila kapteni angebaki na wenzake. Sisi Wakongo tuliwatoa Misri kwa matuta 8-7 baada ya sare ya 1-1. Kipa wao aligonga mwamba, Mpasi wetu, naye kipa, akafunga la mwisho. Siku ile Misri walikosa mtu wa kuwatuliza.

Winga wa Zamani: Ndugu yangu, mechi ya Misri na Cape Verde alikuwepo benchi, na bado walimsema. Nyama haitibiwi benchini. Alirudi uwanjani na Liverpool 17 Februari dhidi ya Brentford, siku 30 baada ya kuumia. Akafunga, halafu msuli ukasumbua tena, akakosa fainali ya Kombe la Ligi na Chelsea. Siku 30, na madaktari wote wale! Huyu dogo anakandwa na barafu ya muuza samaki, halafu acheze Jumamosi? Asirudi mpaka akimbie kasi yake yote bila maumivu, siku kadhaa mfululizo, na mguu huo uwe na nguvu sawa na mwenzake.

Mleta mada: Nimemsomea yote. Tulipofika kwenye lile jiwe akanyamaza, kisha akaniambia nikuulize: lako lilichanika katikati ya paja au juu karibu na kalio? Lake linauma juu. Kesho asubuhi nampeleka hospitali.