Wauzaji wa sedani za kasi zilizotembea sana, acheni kupasha injini moto kabla mnunuzi hajafika

Ndugu wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Natafuta BMW M5 ya kizazi cha E60, ile yenye injini ya silinda 10, lita 5 na nguvu za farasi 507. Najua fika kwamba kwa uwezo wangu nitapata gari lililokwisha kutembea sana, na hilo halinisumbui hata kidogo. Kinachonikera ni kwamba kila ninapotaka kuamua kwa kuzingatia hali halisi ya gari, muuzaji ananificha kile kitu kimoja ninachohitaji kukijua.

Gari la mwisho nililokwenda kulikagua lilikuwa linasoma kilomita 190,000. Kabla ya kwenda nilimwomba muuzaji, kwa heshima na kwa maandishi, asiliwashe hadi nifike, kwa kuwa nilitaka kusikia injini ikiamka baridi. Akanijibu, "Hakuna shida, kaka." Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti, nikakuta kumechemka. Alipowasha, nikatazama mita ya mizunguko. Wanaoyajua magari haya wanajua kwamba pembeni mwa mita hiyo kuna taa ndogo zinazomwonyesha dereva asizidishe mizunguko wakati oili bado ni baridi, nazo huzimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto. Zilikuwa zimekwisha kuzimika karibu zote. Nilipomuuliza, akasema alilisogeza kidogo tu ili nilione vizuri kwenye mwanga. Gari lililosogezwa hatua chache haliwezi kupasha oili kiasi kile, na yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Kwa nini nakasirikia jambo ambalo wengine wataliona dogo? Kwa sababu injini ikiwashwa baridi, baada ya kulala usiku kucha, ndipo inapotoa siri zake. Ndipo unaposikia mnyororo wa taimingi ukilia kabla presha ya oili haijapanda, na ndipo moshi wa bluu unapotoka kwenye ekzosi kama sili za vali zimechoka na oili imedondokea ndani ya silinda. Injini ikishapashwa moto, dalili hizo zinaweza kutoweka kabisa, na mnunuzi akaondoka akiamini amekagua, kumbe hajakagua chochote.

Hata hivyo, si hilo lililonichoma zaidi. Nilimwomba risiti za kubadilishwa kwa beringi za konrodi, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokaa kati ya konrodi (mkono unaobeba pistoni) na krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Akaniambia kwamba yeye anauza gari, hauzi karatasi, na kwamba mteja mwenye maswali mengi kwa kawaida hana pesa. Nataka niseme wazi, kwa faida ya yeyote anayefikiria kununua gari la aina hii: kwenye injini ile, swali la beringi si kiburi cha mnunuzi. Udhaifu wake unajulikana kwa mafundi na kwa wamiliki duniani kote. Injini hiyo inazunguka hadi zaidi ya mizunguko 8,000 kwa dakika, inatumia oili nzito ya 10W-60, na kinachotenganisha beringi na krenki shafti ni utando mwembamba sana wa oili. Mwenye gari akiwa na tabia ya kukanyaga mafuta kabla oili haijapata joto, au akiahirisha kubadilisha oili mara kwa mara, beringi zinalika polepole, bila kelele, bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Mara nyingi ukianza kusikia zikigonga, umekwisha chelewa, na injini ikishanoki unazungumzia kuifumua yote au kutafuta nyingine.

Kinachotia uchungu ni kwamba kazi ya kuzibadilisha inawezekana mapema, bila kuitoa injini: inashikiliwa kwa juu, fremu ya mbele inateremshwa, sampo (bakuli la oili chini ya injini) inafunguliwa, na jozi 10 zinabadilishwa kutokea chini. Ni kazi ya gharama, ndiyo, lakini inaacha risiti, na mmiliki makini huzitunza hata zile beringi za zamani ili anayenunua azione. Kama haijafanywa, bado kuna njia ya heshima: kuchukua sampuli ya oili ipimwe kiasi cha shaba na risasi, au kukata filta ya oili na kuangalia kama kuna chembe za chuma zinazong'aa katikati ya mikunjo ya karatasi. Nilijitolea kulipia vipimo hivyo kwa pesa yangu mwenyewe. Alikataa. Mtu anayeamini gari lake ni zima anakataaje kipimo asichokilipia?

Sasa niwageukie na washauri wetu, maana nao wana sehemu yao. Ukiuliza kuhusu gari lenye kilomita 190,000, nusu watakuambia ukimbie, na nusu watakuambia kwamba injini za Ujerumani hazifi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza lini oili ilibadilishwa mara ya mwisho, au kama kifaa cha haidroliki kinachoendesha gia za SMG, zile zisizo na pedali ya klachi, kimewahi kuguswa. Mimi niko tayari kununua lenye kilomita 190,000 na faili nene la risiti kuliko lenye kilomita 70,000 lililokaa miaka mingi likitolewa kwa safari fupi fupi ambazo oili haikuwahi kupata joto. Mpira wa sili, mabomba ya maji ya rejeta na bushi huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita peke yake.

Isitoshe, namba hiyo yenyewe inaaminika vipi? Mita inarudishwa nyuma kwa kompyuta. Ndiyo maana natazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande ambao mkono hukaa, na ukingo wa kiti cha dereva, kisha naomba mashine ya uchunguzi iunganishwe, kwa kuwa katika magari mengi kilomita huhifadhiwa pia kwenye vifaa vingine ambavyo mdanganyifu husahau kuvigusa. Kwenye gari lile hata tairi zilikuwa za kampuni tatu tofauti, na moja ilikuwa na namba nne za tarehe zinazoonyesha kwamba imezidi miaka 10. Mtu anayeweka tairi kama hilo kwenye gari la nguvu za farasi 507, nimwamini vipi kuhusu oili?

Mnisaidie pia kuwaambia wanaovutiwa na bei. Gari hili limeshuka thamani, lakini vipuri vyake havikushuka pamoja nalo. Breki, klachi na vifaa viwili vinavyofungua koo za hewa inayoingia kwenye injini vinauzwa kwa bei ya vipuri vya gari la fahari, kwa sababu ndivyo lilivyotengenezwa. Ukimaliza pesa yote kwenye kununua, gari litakaa juu ya mawe.

Nimeliacha gari lile. Bado nataka M5, na nitanunua kwa yeyote atakayeniruhusu niwashe injini baridi kwa mkono wangu, anionyeshe risiti za beringi au akubali kipimo cha oili. Kwa wale waliokwisha kubadilisha beringi kwenye injini hii, naomba mniandikie hapa: gari lilikuwa na kilomita ngapi, oili ilikuwa inabadilishwa kila baada ya kilomita ngapi, na beringi za zamani zilitoka zikiwa katika hali gani. Mwenye picha za beringi hizo naomba aziweke.