Tupeane uzoefu: Kaká ulimjulia wapi?

Wakuu, vijana wa siku hizi ukiwatajia Kaká, yule Mbrazil wa AC Milan, wanakukodolea macho. Ballon d'Or ya 2007, tuzo ya mchezaji bora, ni yake, na baada yake Messi na Ronaldo wakaigeuza mali yao mpaka Modrić alipoichukua 2018. Tupeane uzoefu. Mimi ni kibanda umiza cha Magomeni, Aprili 2007, Milan wako Old Trafford kwa Manchester United, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Akaupitisha mpira juu ya beki Heinze, akaugusa kwa kichwa kumkwepa beki mwenzake Evra, wale wawili wakavaana wenyewe kwa wenyewe, akabaki na kipa Van der Sar tu, akafunga. Mwenye kibanda alisahau hata kudai viingilio vya waliochelewa.

Shetani Mwekundu: Mkuu unatonesha kidonda. Usiku ule sisi United tulishinda 3-2 lakini tulitoka kichwa chini. Marudiano kwao San Siro tukala 3-0, na wa kwanza kufunga ni yeye.

Bibi Kwaya: Mimi mpira sijui. Nilimpenda kwa ile fulana ya "I Belong to Jesus" aliyobaki nayo Athens baada ya fainali ya ligi hiyo. Kanisani kwetu vijana waliziandika zao kwa kalamu ya wino, zikifuliwa mara moja maandishi kwisha.

Mzunguko: Nyie mlimwona kwenye runinga, mimi nilimwona Uwanja wa Taifa, Juni 7, 2010. Brazil walipita Dar kucheza na Taifa Stars kabla ya Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Kocha wetu naye Mbrazil, Marcio Maximo. Jua linachoma, tumebanana, karanga zinapita mkono kwa mkono. Kilichonishangaza ni urefu wake, halafu akiwa na mpira haangalii chini hata kidogo. Hatua tatu kashamwacha mtu. Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja, na lake tulilishangilia kama letu. Jabir Aziz alipoturudishia moja, hapo sasa uwanja ulitaka kubomoka! Tano moja, na watu tunarudi nyumbani tunaimba.

Dogo Janja: Msimu mmoja tu huo mnaupigia kelele. Real Madrid walimnunua 2009 kwa hela ndefu, alifanya nini?

Mzunguko: Dogo, goti. 2010 akapasuliwa, akakaa nje miezi. Mchezaji anayeishi kwa mbio ukimgusa goti umemmaliza. Katafute goli lake la Septemba 2006 dhidi ya Argentina pale uwanja wa Emirates, London: anaanza na mpira nusu ya kwao, anakimbia nao mpaka golini, Messi anamfukuza kwa nyuma.

Dogo Janja: Nimeangalia. Sawa, mbio anazo. Ila Ronaldinho alikuwa mtamu zaidi.

Shetani Mwekundu: Huyo mfungulie uzi wake. Ronaldinho hakutufanyia unyama ule.