Nimeipaka rangi nusu nikasita: nipambeje baiskeli ninayoendea kazini?

Manzese Hadi Posta aliuliza:

Habari zenu nyote. Tangu Januari naenda kazini kwa baiskeli, kutoka Manzese hadi Posta, mwendo wa kilomita saba hivi kwenda na saba kurudi. Ni zile baiskeli za mtumba zinazotoka Japani, zenye fremu iliyoinama ili mtu apande bila kurusha mguu, kikapu cha waya mbele, kifuniko cha mnyororo, stendi ya miguu miwili na kufuli la duara linalobana gurudumu la nyuma. Wajapani wenyewe huziita mamachari, na hilo neno "mama" lililomo ndani yake lina maana ileile tunayoijua sisi, kwa kuwa ni baiskeli za kwendea sokoni na kupelekea watoto shule. Wenzangu ofisini wamekwisha kunicheka vya kutosha juu ya jambo hilo, kwa hiyo ninyi naomba mwende moja kwa moja kwenye swali.

Kilichonichoma ni maneno ya mlinzi wa jengo letu. Siku moja jioni alinikabidhi baiskeli ambayo si yangu, na nilipomweleza akajibu kwa upole kabisa kwamba haoni tofauti kati ya yangu na ya muuza kahawa. Jumamosi iliyofuata nikang'oa madigadi, nikasugua fremu kwa msasa na kuanza kupuliza rangi ya kijani. Nilipofika katikati nikasita, na hadi leo mbele ni kijani na nyuma ni fedha iliyochujuka.

Nimesita kwa sababu sina hakika napamba nini na naacha nini. Kwenye bomba la siti kuna stika ya manjano yenye namba na maandishi ya Kijapani, na kwenye digadi la nyuma kuna nyingine inayoonekana kuwa ya shule. Sijui kama nizibandue au nizihifadhi. Nimenunua pia tairi mbili zenye ukuta wa rangi ya maziwa, zimeandikwa 26 kama zilizopo sasa, lakini bado sijazifunga. Nina nia ya kuzungushia fremu taa ndogo za rangi nizichomeke kwenye dinamo, na digadi la nyuma nataka niliandike maneno. Shemeji yangu anasema nikiyafanya hayo yote nitakuwa nimewaandikia wezi barua ya mwaliko. Wenye uzoefu, mnasemaje?

Fundi Mstaafu, Ngamiani:

Kijana wangu, tairi hizo usizifunge kabla hujasoma namba ndogo zilizochomoza ubavuni, kwa sababu hilo 26 limewaliza wengi. Baiskeli kama yako kwa kawaida huvaa tairi ya 26 kwa 1 3/8, na pembeni utakuta 37-590. Ile 590 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi inapokaa juu ya rimu. Tairi za baiskeli za milimani nazo huitwa 26, ila namba yake ni 559, yaani pungufu ya milimita 31, na hakuna spana wala matusi yatakayoiingiza. Dalili ya haraka ni hii: inchi zikiandikwa kwa nukta, kama 1.95, hiyo ni ya mlimani.

Rangi sasa. Makosa niliyoyaona kwa miaka mingi ni watu kupuliza juu ya rangi ya zamani inayong'aa, halafu baada ya mvua mbili inabanduka kama ganda la kitunguu. Sugua kwa msasa namba 240, malizia na 400, futa kwa spiriti, piga praima, ndipo upulize rangi mara tatu, kila tabaka liwe jembamba na likauke kabla ya lingine. Mdomo wa bomba la siti, nyuzi za boliti na pande za rimu ambazo breki inazishika uzizibe kwa gazeti na selotepu. Wewe unaishi mji wa pwani kama mimi, kwa hiyo kumbuka kwamba fremu huoza kuanzia ndani, ambako chumvi ya hewa na jasho la mvua hukaa bila mtu kuviona. Kabla ya kuirudishia siti, mimina oili kidogo ndani ya bomba, igeuze geuze fremu mpaka ienee, kisha iache ichuruzike usiku kucha juu ya gazeti. Hilo halionekani, lakini ndilo litakaloifanya rangi yako iwe na kitu cha kushikilia mwaka wa tano.

Stika ya manjano ni ya usajili dhidi ya wizi, ambao kule Japani umekuwa wa lazima kwa kila mwenye baiskeli tangu 1994. Hapa kwetu haina nguvu yoyote, basi ibakize au uitoe upendavyo. Kilicho na maana ni namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu yenyewe. Itafute kabla hujaifunika kwa rangi, iandike, ipige picha, na mahali hapo upulize tabaka moja tu ili isomeke. Siku ukienda kituo cha polisi kueleza kwamba umeibiwa baiskeli ya kijani, utaulizwa kijani gani.

Mwalimu wa Ng'ambo, Unguja:

Ahsante mzee kwa maelezo ya namba, nimekwenda kuitazama yangu na nimeikuta. Mimi nami naendea kazini baiskeli kama hiyo, na kwa kuwa navaa buibui, pambo langu la kwanza lilitokana na hofu. Nguo iliwahi kunasa kwenye njiti za gurudumu la nyuma nikiwa naingia lango la shule, mbele ya wanafunzi wa darasa la sita, na sitaki kulieleza zaidi ya hapo. Niliporudi nyumbani nikatoboa matundu madogo kwenye ukingo wa digadi, kila upande tisa, nikafuma wavu wa uzi wa pamba unaoanzia kwenye matundu hayo na kushuka kama upepeo hadi karibu na nati ya ekseli. Uzi wa kwanza ulikuwa mweupe, ukawa rangi ya udongo ndani ya wiki mbili. Sasa natumia zambarau na hudhurungi, na kila unapochakaa naufuma upya kwa jioni mbili. Hakuna anayeniuliza kazi ya wavu huo, wote husema tu kwamba ni mzuri, nami huwaacha waamini hivyo.

Kikapu cha waya nakushauri usikitupe. Mimi nimekivisha kikapu cha ukili kilichosukwa kwa kipimo chake, chenye mistari ya rangi, na waya umebaki ndani kama mifupa, kwa hiyo nikitia madaftari ya darasa zima hakilegei. Ukili haupendi kulowa, unaota ukungu na kunuka, basi masika nauvua na kuuning'iniza ndani.

Jambo moja la kukuonya. Mkesha wa Idi mwaka juzi niliing'arisha baiskeli yote kwa kitambaa chenye mafuta, na kwa kuona breki ya nyuma inapiga kelele kama kawaida ya breki hizi za mkanda, nikaona niipake nayo. Kelele zilikoma kweli. Asubuhi yake nikielekea Mnazi Mmoja nilibana breki nikaona baiskeli inaendelea na safari zake, na niliokolewa na breki ya mbele na kiatu cha kulia, ambacho hakikuwa na miezi miwili. Breki ya mkanda ikilia, iache ilie, au mpelekee fundi aifungue aisafishe. Mafuta hayaendi pale hata kwa ajili ya sikukuu.

Boda wa Zamani, Busia:

Salamu kutoka mpakani. Sikubaliani kabisa na shemeji yako, ndugu yangu, na nitaeleza kwa nini.

Hapa Busia ndipo jina la boda boda lilipoanzia katika miaka ya 1960, baiskeli zikiwavusha watu na mizigo katika kile kipande kilicho kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Mimi niliingia kazini baadaye sana, lakini bado tulikuwa tunatumia zile baiskeli nyeusi nzito tunazoziita Black Mamba, na zote zilifanana kama ndugu mapacha. Abiria alichagua kwa kutazama kiti cha nyuma. Kila mmoja wetu alikuwa na mshonaji wake, aliyekata sponji kwa kipimo cha keria, akaifunika kwa ngozi ya bandia ya rangi mbili au tatu, akazungushia ukingo vishada vya nyuzi vilivyoning'inia pande zote mbili na kucheza baiskeli inapokwenda. Changu kilikuwa chekundu chenye almasi nne za manjano katikati, na mama mmoja aliyeuza omena alikuwa hapandi kingine, kwa madai kwamba vingine vinamuumiza mgongo, ingawa sponji ilitoka duka moja.

Baiskeli hiyo iliibwa. Siku ya tatu kijana mmoja aliipeleka kwa mshonaji yuleyule, bila kujua, akitaka kile kiti kifunikwe kwa ngozi nyeusi. Mshonaji alitazama mishono yake mwenyewe, akamwambia akae asubiri kidogo, akamtuma mtoto aniite. Kama ingekuwa na kiti cheusi cha kawaida ningekuwa naitafuta hadi leo. Baiskeli inayojulikana na mtaa mzima ni nzito kuuza, na mwizi hupenda kitu asichoulizwa.

Kuhusu maandishi: digadi lako halizidi upana wa vidole vitatu, na anayelisoma ni dereva wa bajaji aliye nyuma yako kwa muda mfupi mno. Methali nzima haitasomeka. Sisi tulikuwa na mwenzetu aliyeandika "Hasidi hana sababu" kuanzia juu hadi chini kwa herufi ndogo, na watu walilazimika kumkaribia ili wasome, jambo ambalo barabarani si zuri. Chagua neno moja, herufi zisizidi sita, na badala ya kulipaka rangi likate kutoka kwenye karatasi ya kung'aa inayorudisha mwanga, ile inayobandikwa nyuma ya malori.

Kimya Kimya:

Naona shemeji anashambuliwa bila wakili. Mtu wa Busia alikuwa juu ya baiskeli yake kutwa nzima, lakini wewe unaiacha uani mwa jengo kwa saa tisa, na mwizi wa mjini hana haja ya kuiondoa baiskeli yote. Mimi nimeibiwa kengele mbili za shaba na taa moja, na kila kimoja kilikuwa kimefungwa kwa boliti inayofunguka kwa mkono. Ya tatu niliifunga kwa boliti ya kawaida, nikakaza nati kwa spana na kupaka gundi juu yake, na ipo.

Zile taa za rangi ndizo ningekukataza. Dinamo ya baiskeli hizi ni ya volti 6, na mara nyingi ni wati 2.4 tu, zinazotosha taa ya mbele na si zaidi. Isitoshe, umeme wake ni mkondo geu, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, na taa zako zitapepesa au zitaungua. Ukizitaka sana, tumia za betri, ila nyekundu isielekee mbele hata moja, kwa sababu anayekuja akiiona nyekundu gizani atadhani unamwacha, kumbe mnakutana. Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima. Mtu anayetoka ofisini saa kumi na mbili anaimaliza safari gizani, na hapo rangi yako ya kijani na rangi ya lami ni kitu kimoja. Anza na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ndipo ufikirie urembo.

Manzese Hadi Posta:

Shikamoo mzee wa Ngamiani, na ahsanteni wote. Nimerudi na majibu.

Namba ya tairi ilikuwa 559. Tairi zote mbili nilizipeleka Kariakoo kesho yake, muuzaji akanibadilishia bila maneno mengi, lakini za 590 alikuwa nazo nyeusi tu, kwa hiyo ukuta wa maziwa nimeusamehe. Fremu nimeikwangua upya na kuanza na praima kama nilivyoelekezwa. Namba niliikuta chini ya uchafu wa miaka, na nimeiacha ikiwa na tabaka moja. Stika ya manjano nimeitoa, ila ile ya shule ipo bado, nimeizungushia selotepu wakati wa kupuliza na sasa imebaki kama dirisha dogo la fedha katikati ya kijani. Sijui imeandikwa nini, na kwa sasa sitaki kujua.

Taa za rangi nimempa mtoto wa dada yangu. Taa ya nyuma ni ya betri na nimeifunga kwa nati na gundi. Wavu wa mwalimu nimeuonyesha nyumbani, mke wangu amesema atafuma akipata nafasi, na kutokana na sauti aliyotumia sijaulizia tena.

Kwenye digadi nimebandika neno moja kwa karatasi ya kung'aa: NAFIKA. Herufi ni sita, kama alivyosema mzee wa Busia. Jumatatu iliyopita mvua ilinyesha usiku, Jangwani pakajaa maji, nikalazimika kuzunguka na kufika ofisini saa tatu na nusu nikiwa na tope hadi magotini. Mlinzi aliipokea baiskeli, akaizungusha, akalisoma lile neno polepole, akaniuliza kama kuna nafasi ya kuongeza "umechelewa".