Maelezo ya mashahidi yanapanguliwa mahakamani: daftari na jalada viandikwe vipi?

KijanaWaJalada
Wakuu, salaam. Naomba ujuzi kwa walio kwenye upelelezi, na mawakili mkiwemo. Tuchukulie pikipiki imeibwa usiku, mashahidi wapo watatu, mtuhumiwa kakamatwa nayo kesho yake. Kwenye daftari la mfukoni la askari kinaingia nini, na kwenye maelezo ya shahidi kinaingia nini? Mbona maelezo yanayoonekana yamenyooka kituoni yanapanguliwa kizimbani kwa dakika kumi?

Mzee_wa_RB
Anza na saa, mkuu. Majalada mengi yanavuja hapo. Shahidi akisema "saa nane", muulize ya mchana au ya usiku, kisha andika kwa mfumo wa saa 24, 1400 au 0200, palepale. Daftari likisema saa 8 usiku, halafu maelezo yakasema 2000 (yaani saa 2 usiku), una tofauti ya saa sita na hakuna aliyedanganya.

Tarehe nayo ina mtego. "Usiku wa Jumamosi" kwa wengine, hasa watu wa pwani, ni Ijumaa baada ya magharibi. Kwa mwingine ni Jumamosi yenyewe. Usikisie, andika "usiku wa Ijumaa tarehe 14 kuamkia Jumamosi tarehe 15".

Daftari ni la ulichokiona na kukisikia wewe, kwa mfuatano wa muda: umefika saa ngapi, umemkuta nani, taa zilikuwa wapi, nani kagusa nini. Usichane karatasi wala kuruka mistari. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke, andika lililo sahihi, weka saini fupi. Ukilifuta kwa wino mweupe utaulizwa ulikuwa unaficha nini. Na usiandike "alikuwa amelewa". Andika alinuka pombe, macho mekundu, alishika ukuta alipotembea, maneno hayatoki vizuri. Hitimisho ni la mahakama.

WakiliPembeni
Nikiwa upande wa utetezi, jambo la kwanza ninalotafuta ni utambuzi wa usiku. Tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, "nilimtambua kwa msaada wa taa" peke yake haisimami. Taa ya aina gani, mwanga wake mkali kiasi gani, ilikuwa upande upi? Umbali hatua ngapi? Alimtazama kwa muda gani, na alimfahamu kabla? Swali linaloua zaidi: alimtaja kwa nani mara ya kwanza, na saa ngapi? Shahidi akidai anamjua mtuhumiwa toka utotoni, halafu taarifa iliyofunguliwa RB (kitabu cha taarifa kituoni) usiku uleule inasema "watu wasiojulikana", kazi yangu imeisha.

La pili ni lugha. Mama lishe hasemi "nilimshuhudia mtuhumiwa akitokomea na chombo hicho cha usafiri". Anasema "nikamwona Fulani anaisukuma pikipiki". Mashahidi watatu wakiwa na sentensi moja yenye mkato uleule, nitamuuliza kila mmoja maana ya "akitokomea".

Afande_Mstaafu
Wakili kasema kweli, ingawa inauma.

Kifungu cha 10(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, kinataka shahidi asomewe au aonyeshwe maelezo, aruhusiwe kurekebisha au kuongeza, kisha asaini palepale chini ya mstari wa mwisho. Siyo nusu ukurasa chini. Nafasi tupu kati ya neno la mwisho na saini inakaribisha swali la nani kaongeza nini. Mwandishi naye anaweka uthibitisho wake kwamba ameandika kwa uaminifu na usahihi.

Maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa baada ya kuonywa, ndiyo yanayokufa zaidi, na sababu kubwa ni muda. Kifungu cha 50 kinatoa saa nne toka mtu anapowekwa chini ya ulinzi. Ukihitaji zaidi, kuna utaratibu wa kuongezewa kwenye cha 51. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, lakini lazima uonekane kwenye maandishi: kakamatwa 0915, safari imeanza 0930, kituoni 1110, maelezo yameanza 1125, yamekwisha 1240.

Kwa pikipiki yenyewe, "nyeusi" haitoshi. Andika namba ya usajili, ile inayoanza na MC, namba ya chasisi na ya injini, ukizisoma kwenye chuma, siyo kwenye kadi. Hati ya ukamataji mali isainiwe hapohapo na aliyekutwa nayo pamoja na shahidi huru. Kisha kila mkono unaoipokea uandikwe: nani kamkabidhi nani, tarehe, saa.

OB_Nairobi
Huku Kenya msingi ni OB, kitabu cha matukio cha kituo. Ukiona OB 23/14/06/2024, ni ingizo la 23 la tarehe hiyo, kwa hiyo mpangilio unajieleza. Ila kukiri kosa mbele ya polisi kuna sharti: afisa asiwe chini ya cheo cha Inspekta, na asiwe yule anayepeleleza kesi.

KijanaWaJalada
Asanteni sana. Na shahidi asiyejua kusoma?

Afande_Mstaafu
Msomee yote polepole, mwache akukatize. Ataweka dole gumba chini ya mstari wa mwisho. Andika pembeni ni gumba la mkono gani, amesomewa na nani, kwa lugha gani. Kama mlitumia mkalimani, naye asaini, na uchukue maelezo yake, maana ataitwa.