Profesa mwenye jina hanijui, anayenijua hana jina: nani aniandikie barua ya mapendekezo?

Mwana wa Takwimu:
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo, nimekwama.

Naomba nafasi ya uzamili vyuo vitano, vinne Marekani, kimoja Uingereza. Vile vya Marekani kila kimoja kinataka barua tatu, cha Uingereza mbili. Wadhamini wawili ninao tayari: aliyenifundisha takwimu na bosi wangu wa sasa. Huyo wa tatu ndiye anayeninyima usingizi.

Kuna profesa, anajulikana sana kwenye fani yetu. Nilisoma kwake kozi moja nikapata A, darasani tulizidi 200. Nilipomfuata akasema, "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Halafu kuna mhadhiri msaidizi, PhD hajapata bado, ila ndiye aliyenisimamia mradi wa mwaka wa mwisho. Siku nilipogundua nusu ya data yangu imeingizwa mara mbili, alivuta kiti tukaanza kusafisha mstari kwa mstari.

Mwisho wa maombi ni 15 Desemba, zimebaki wiki tano. Nimchukue nani?

Kalamu Kavu:
Profesa, bila kujiuliza. Kamati inasoma saini kwanza. Huruma weka pembeni.

Mama Mtafiti:
Kalamu Kavu, hapo umempoteza mwenzio. Nimekaa kwenye kamati ya udahili, na barua tupu yenye jina kubwa unaijua kabla aya ya kwanza haijaisha: "Ni mwanafunzi mwenye bidii, alipata A katika kozi yangu." Hiyo A tumeshaiona kwenye matokeo yake!

Tena barua mara nyingi huja na fomu. Mdhamini anaulizwa amekujua kwa muda gani, kwa nafasi gani, na kati ya wanafunzi aliowahi kuwafundisha akuweke wapi: 5% ya juu, 10%, 25%. Umakini, uandishi, kufanya kazi na wenzako, kila kimoja na mstari wake. Aliyekuona kati ya watu 200 atatiki "siwezi kusema" mstari baada ya mstari. Mhadhiri wako ataeleza ile siku ya data. Ndiyo barua hiyo.

Kuhusu kujiandikia, kataa kwa adabu. Baadhi ya vyuo vinakataza waziwazi, na hata pasipokatazwa, utaandika kwa sauti ileile ya maelezo yako ya malengo, na vyote viwili vitasomwa na mtu yuleyule, jioni moja.

Lakini profesa usimtupe. Mwombe mhadhiri aandike, profesa asome, aongeze aya yake kama analo la kusema, wasaini wote wawili. Ni jambo la kawaida kabisa.

Mwenda Pole:
Nakazia la Mama Mtafiti, na langu la maumivu: mdhamini wangu alipakia barua moja kila mahali, chuo cha pili kikasoma jinsi "ninavyokifaa sana" chuo cha kwanza. Mpe jedwali moja: chuo, programu, tarehe ya mwisho. Ambatisha CV, matokeo na ripoti ya mradi. Mwambie pia linki ya kupakia barua itatoka kwenye mfumo wa chuo, huwa inaangukia kwenye barua taka (spam). Na atumie barua pepe ya kazini, anwani za Gmail huwa zinatiliwa shaka.

Kingine: FERPA, sheria ya Marekani ya 1974, inakupa haki ya kusoma barua hizo ukishadahiliwa na kujiunga. Fomu itakuuliza kama unaiachia haki hiyo. Iachie, la sivyo msomaji atahisi mdhamini aliandika huku unamchungulia begani.

Kalamu Kavu:
Yaani niombe barua ya maisha yangu halafu nisiione? Haya.

Mama Mtafiti:
Ndiyo maana unauliza mapema, "Unanijua vya kutosha kuniandikia barua nzito?" Akisita, shukuru uondoke.

Mwana wa Takwimu:
Nimerudi. Nimemuuliza mhadhiri hivyohivyo. Hakujibu, alifungua droo akatoa ripoti yangu, bado ina wino wake mwekundu pembeni, akauliza, "Ile safu uliyoifuta mara mbili nayo niiseme?" Nikamwambia aiseme. Profesa nimemwandikia kuhusu kusaini pamoja, hajajibu. Jumatatu namfuata ofisini.